Kigogota-zeituni wa Misitu ya Usambara Magharibi

Kigogota-zeituni, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Dendropicos griseocephalus, ndiye kigogota wa misitu ya baridi ya Usambara Magharibi. Makao yake ni ukanda wa juu wa wilaya ya Lushoto: Magamba, Shume, vipande vya msitu wa asili vilivyobaki pande za Lukozi, na kuendelea kaskazini hadi Shagayu. Ni ndege wa umbo la wastani. Urefu wake, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni kama sentimita 20, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 35 na 50. Wengi huwasikia vigogota wakigonga mti na kuishia hapo. Huyu wa milimani anastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu rangi zake zinatofautiana na za vigogota karibu wote wa nyanda za chini.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kwamba hana madoa. Vigogota wengi wa Afrika wana vidoa, mistari au milia kifuani, tumboni au mgongoni. Kigogota-zeituni mgongo wake ni wa kijani iliyofifia yenye udongo kidogo, kama rangi ya zeituni isiyoiva vizuri, na rangi hiyo imetandazwa sawasawa kuanzia mabegani hadi karibu na mkia. Kifua na tumbo vina kijani hiyohiyo iliyochanganyika na kijivu, navyo havina mstari wowote. Kichwa ni cha kijivu, shavu, koo na shingo pia. Mbawa ni za kahawia zenye kingo za kijani, na mkia ni mweusi au karibu na mweusi. Mdomo ni mrefu, ulionyooka, wa kijivu cha kukolea.

Juu ya mwili huo uliopoa kuna wekundu sehemu mbili. Mmoja uko kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia, nao dume na jike wote wanao. Ndege akiwa ameganda kwenye shina wekundu huo huweza kufichwa na mbawa zilizokunjwa, lakini akiruka kwenda mti mwingine huonekana waziwazi hata kwa macho matupu. Wekundu wa pili uko utosini na kushuka kisogoni, nao ni wa dume peke yake. Paji lake la uso hubaki kijivu, kwa hiyo anapotazamwa kutoka mbele huonekana kama hana kitu, na mpaka ageuze kichwa ndipo nyekundu inapojitokeza. Jike kichwa chote ni kijivu, hana alama yoyote. Hiyo ndiyo njia ya hakika ya kuwatenganisha wawili hao. Makinda waliotoka kiotani karibuni wana rangi iliyofifia zaidi, na wanaweza kuwa na wekundu uliochanganyika na rangi nyeusi utosini, kwa hiyo mtazamaji asifanye haraka kumwita kila mwenye wekundu hafifu kichwani kuwa ni dume mzima.

Spishi hii ilipewa jina la kisayansi na Boddaert mwaka 1783, kutokana na ndege wa kusini kabisa mwa Afrika. Imeenea kwa vipandevipande: Afrika Kusini, Msumbiji, Malawi, Zambia, Angola, kisha milima ya Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo, na milima ya Tanzania. Ndege wa Usambara wamo katika nususpishi iitwayo kilimensis, iliyoelezwa na Oscar Neumann mwaka 1926. Nususpishi hiyo inapatikana pia Kilimanjaro, Meru, milima ya Pare na Uluguru. Ukimweka kigogota wa Usambara karibu na ndugu yake wa Ruwenzori, utaona tofauti mara moja. Yule wa Ruwenzori ana kifua chenye manjano ya dhahabu na bakabaka jekundu tumboni, ilhali huyu wa kwetu amepauka, ana kijivu zaidi, na tumboni hana wekundu.

Sababu ya tofauti hizo ni jiografia. Mtu akisimama kwenye ukingo wa milima upande wa Mtae, huona chini yake tambarare kavu ya Mkomazi ikienea mpaka upeo wa macho. Ndege anayehitaji msitu wenye unyevu hana la kufanya katika vichaka vile vya miiba na joto lile. Upande wa mashariki, bonde la Lwengera linaitenga Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Kila safu ya milima imekuwa kisiwa cha baridi kilichozungukwa na joto, na ndege walioishi humo vizazi kwa vizazi bila kuchanganyika na wenzao wa mbali wamebadilika polepole kwa rangi na kwa ukubwa. Hata hivyo kigogota-zeituni hakufikia kuwa spishi ya Usambara peke yake, kama alivyofikia ndege mdogo wa ardhini Sheppardia montana, ambaye duniani kote hapatikani isipokuwa Usambara Magharibi.

Mwinuko wa mahali husaidia sana kumtambua. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kisha Magamba hadi Lukozi, huvuka maeneo ya vigogota wa aina kadhaa. Kule chini kwenye mibuyu na migunga anaishi kigogota wa Nubia, Campethera nubica, mwenye madoa mengi kifuani, na kigogota mkubwa mwenye uso wa weusi na weupe, Dendropicos namaquus. Katika misitu ya joto ya Usambara Mashariki na pwani yuko kigogota wa Mombasa, Campethera mombassica, ambaye mgongo wake wa kijani umenyunyiziwa vidoa vidogo vya manjano na kifua chake kimejaa mistari. Mashambani na kwenye miti ya pembeni mwa vijiji kuna kigogota mdogo kuliko wote hao, Dendropicos fuscescens, mwenye sentimita 15 hivi. Huyu mdogo ana milia mgongoni na michirizi kifuani, na huwa radhi kugonga hata bua kavu la mhindi lililosahaulika shambani akitafuta wadudu waliomo. Akionekana kigogota juu ya bua, basi si yule wa zeituni. Wa zeituni anataka miti, tena miti mikubwa.

Umbo la kigogota huyu, kama la ukoo mzima wa Picidae, limetengenezwa kwa kazi moja: kupanda shina wima na kulitoboa. Mguu una vidole vinne, viwili vikielekea mbele na viwili nyuma, vyote vyenye kucha zilizopinda, kwa hiyo ndege hukamata gome bila kuteleza. Mkia nao ni mguu wa tatu. Manyoya yake ya katikati yana mashina magumu yenye kuchongoka, na ndege huyakandamiza kwenye mti kama egemeo kila anapogonga. Umuhimu wa manyoya hayo unajidhihirisha wakati wa kubadili manyoya. Ndege wengi huanza kupoteza manyoya ya katikati ya mkia, lakini kigogota huyashikilia yale mawili ya katikati mpaka ya pembeni yawe yameota upya na kuwa na nguvu ya kumbeba. Matundu ya pua yamefunikwa na vinyoya vidogo vinavyozuia vumbi la mbao.

Ulimi wake ni mrefu kuliko mdomo. Umebebwa na mifupa miembamba inayopita nyuma ya fuvu, ikapanda juu ya kichwa na kurudi mbele kuelekea paji la uso. Misuli inapovuta mifupa hiyo, ulimi hutoka nje na kuingia ndani kabisa ya shimo alilochimba buu. Ncha yake ina vijimiba, na mate yake hunata. Kwa hiyo kugonga kwenyewe si mwisho wa kazi. Mdomo hufungua njia tu, na anayemtoa buu ni ulimi.

Swali linaloulizwa siku zote ni kwa nini ubongo wa kigogota hauumii. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti yameeleza kwamba fuvu lake lina mfupa laini unaofyonza mshtuko. Maelezo hayo yanavutia lakini yana kasoro inayoonekana kwa kufikiri kidogo: kitu kinachofyonza mshtuko kingepunguza pia nguvu ya pigo, na ndege angelazimika kugonga kwa nguvu zaidi ili apate matokeo yaleyale. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wa picha za video za kasi kubwa za vigogota wa aina tatu. Walipima jinsi mdomo na jicho vinavyosimama ghafla wakati wa pigo, wakakuta kwamba kichwa chote husimama kwa pamoja, mithili ya nyundo ngumu. Hakuna mto ndani. Kinachomlinda ndege ni udogo wa ubongo wake. Ubongo wa gramu chache huhimili mshtuko ambao ubongo mkubwa kama wa binadamu usingeuhimili. Jambo hilo ni kweli zaidi kwa kigogota-zeituni, ambaye mwili wake wote hauzidi sana uzito wa yai dogo la kuku wa kienyeji, tena mara nyingi huchagua miti iliyooza, isiyo na ugumu wa mbao mbichi.

Hapa ndipo maelezo ya umbo yanapokutana na maelezo ya makao. Ndege huyu anahitaji msitu wa milimani wenye unyevunyevu, uliofunga juu, wenye miti ya umri mchanganyiko: michanga, iliyokomaa, inayozeeka na iliyokwisha kufa ikiwa bado imesimama. Katika Usambara Magharibi msitu wa namna hiyo una mkulo, ambao mbao yake hunukia kafuri, una podo, una mshai wenye matawi yaliyotanda kama jukwaa, na upande mkavu zaidi wa Shume una mitarakwa. Ukungu hutanda asubuhi nyingi, hasa miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, na unyevu huo huotesha ukoga na mimea midogo juu ya magome. Chini ya ukoga huo hujificha mabuu, mende, buibui na sisimizi. Kigogota-zeituni hupenda sana matawi yaliyovikwa hivyo katika sehemu ya kati na ya juu ya miti. Hupita juu ya tawi, hugeuka akaning'inia chini yake, hudonoa, huchokonoa ukoga kwa ncha ya mdomo na kuutupa, hugonga mara mbili tatu akisikiliza, na kama hakuna kitu huhama. Vipande vya ukoga vinavyodondoka kutoka juu, hata pale ambapo pigo halisikiki, ni dalili nzuri kwa anayemtafuta.

Kwa kawaida hutembea wawili wawili, dume na jike, au wazazi pamoja na makinda ambao wameshaanza kuruka. Mara nyingi huambatana na kundi mchanganyiko la ndege wadogo wanaopita msituni wakila wadudu. Wale wadogo huokota kwenye majani, yeye huokota kwenye mbao, kwa hiyo hawagombani, na macho mengi huwaona mapema mwewe na maadui wengine. Sauti yake ni mlio mfupi wa kukatikakatika unaorudiwa upesi, na ndio unaomtambulisha zaidi kuliko kugonga mti. Yale mapigo ya haraka ya mfululizo ambayo vigogota wa aina nyingine hutumia kutangaza eneo lao, huyu huyatumia kwa nadra na kwa sauti ndogo. Anayesubiri kusikia ngoma ili ajue kama yupo anaweza kupita karibu naye bila kujua.

Kiota chake ni shimo alilolichimba mwenyewe katika shina au tawi lililokufa, na aghalabu hulitoboa upande wa chini wa tawi lililoinama. Chaguo hilo lina maana kubwa mahali penye mvua nyingi: maji hayaingii, na mnyama anayetambaa juu ya tawi hapati njia rahisi ya kufika mlangoni. Ndani hamna majani wala manyoya, isipokuwa vumbi la mbao lililobaki chini, na hapo jike hutaga mayai meupe mawili au matatu. Wazazi wote wawili huatamia kwa zamu. Makinda huanguliwa baada ya siku 15 hadi 17, wakiwa vipofu na bila manyoya, na hukaa shimoni karibu wiki tatu na nusu kabla ya kutoka. Hata nje ya msimu wa kuzaa, ndege huyu hulala shimoni usiku. Katika baridi ya Lukozi ya mwezi wa Julai, hilo si jambo dogo kwa kiumbe wa gramu 40.

Shimo likiachwa haliendi bure. Kwezi wa msituni hutaga katika mashimo ya miti, na hawana mdomo wa kujichimbia. Nyuki nao huingia, na wanyama wadogo wa mitini pia. Kigogota mmoja akichimba kiota kipya kila msimu huacha nyuma yake nyumba kadhaa ambazo wengine hawangeweza kuzijenga. Kwa hiyo msitu unaopoteza vigogota hupungukiwa taratibu na ndege wengine ambao mtu hangedhani wana uhusiano nao.

Ulinganisho na Amerika ya Kusini unasaidia kuonyesha jinsi makao yanavyomtengeneza ndege. Bara hilo ndilo lenye utajiri mkubwa zaidi wa vigogota duniani. Katika misitu ya kale ya baridi ya kusini mwa Chile na Argentina yuko Campephilus magellanicus, kigogota mweusi anayezidi sentimita 35, dume akiwa na kichwa chekundu chote na jike akiwa na wekundu kidogo tu kwenye mzizi wa mdomo. Uzito wake ni zaidi ya mara tano ya uzito wa kigogota-zeituni, na kwa ajili hiyo anahitaji mashina manene sana. Juu zaidi, kwenye nyika za milima ya Andes zisizo na miti, Colaptes rupicola amebadili kabisa desturi ya ukoo wake: hula ardhini na kuchimba kiota kwenye kingo za udongo. Afrika Kusini ina ndege aliyefuata njia hiyohiyo, Geocolaptes olivaceus. Kigogota-zeituni hakuifuata. Kwake mti ni chakula, kiota na mahali pa kulala, na msitu ukiondoka hana ukingo wa udongo wa kukimbilia.

Msitu wa Usambara Magharibi umeshapungua sana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa utawala wa Wajerumani, kampuni ya Wilkins & Wiese ilivuna mitarakwa ya Shume na kuishusha kwa waya wa angani hadi Mkumbara, kwenye reli ya Usambara. Baadaye maeneo makubwa yalipandwa misaipresi na misindano, na Shamba la Miti Shume bado linaendelea na kazi hiyo. Miti iliyopandwa kwa mistari na kuvunwa kabla haijazeeka haina matawi yaliyooza wala ukoga wa kutosha, na kigogota huitumia kwa kupita tu. Mabonde yanayozunguka Lukozi yamekuwa mashamba ya kabeji, karoti na viazi yanayolisha masoko ya mbali, na mboga hizo ndizo ada ya shule na paa la bati la familia nyingi. Mkulima hawezi kulaumiwa kwa kulima. Inawezekana hata hivyo kupunguza hasara kwa jinsi miti iliyobaki inavyotunzwa.

Sehemu kubwa ya makao yaliyobaki iko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, yenye zaidi ya hekta 9,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hapo ndipo mahali rahisi zaidi pa kumwona ndege huyu, asubuhi ukungu unapoanza kufunguka, kando ya njia zinazopita kwenye miti ya zamani. Kimataifa spishi hii haimo katika orodha ya zilizo hatarini, kwa kuwa imeenea nchi nyingi. Lakini hesabu ya Afrika nzima haisemi lolote juu ya kilima kimoja. Kipande cha msitu kikisafishwa miti yake mikavu yote, vigogota wa kipande hicho hutoweka, na wa Kilimanjaro au Uluguru hawatavuka nyika kuja kujaza nafasi.

Penye msitu wa kijiji, chanzo cha maji au mstari wa miti ya asili uliobaki kati ya mashamba, mti uliokufa ukiwa umesimama mbali na nyumba na njia uachwe hadi uanguke wenyewe. Kuni ziokotwe zile zilizokwisha kuanguka. Wanaopanda miti kuzunguka mashamba ya Lukozi wachanganye mikaratusi yao na mshai au mkulo, hata kama mkulo unachelewa kukua, kwa sababu kigogota-zeituni wa miaka 50 ijayo atahitaji matawi makuukuu ya miche inayopandwa sasa.